Kiyoyozi cha Motakaa Kikishindwa: Kazi Yako Nyumbani na Kazi ya Fundi

Katika mashamba ya makazi ya Lambwe, na pande zote za Homa Bay na Migori, motakaa si kitu cha fahari tena. Ni chombo cha kazi kama jembe la kukokotwa na ng'ombe. Probox moja hubeba nyanya asubuhi kwenda sokoni Rongo, adhuhuri hurudi na mbolea, na usiku huamshwa kumpeleka mgonjwa hospitali. Ndani ya gari hilo mna chombo kimoja ambacho wengi hukisahau mpaka siku kinaposhindwa kazi. Chombo hicho ni kiyoyozi, ambacho kwenye gereji huitwa AC.

Yuko atakayesema kwamba hiyo ni anasa ya watu wa mjini, na mkulima aweza kufungua dirisha. Huyo hajapita kando ya hifadhi ya Ruma wakati wa mbung'o. Mdudu huyu hupenda kufuata kitu kikubwa kinachokwenda, na gari lenye madirisha wazi humwalika ndani. Wala hajaendesha nyuma ya lori la miwa katika barabara ya vumbi karibu na Awendo. Tena, mvua za Machi hadi Mei zinapopiga, kioo cha mbele hujaa ukungu kwa pumzi za abiria, na dereva huendesha akipangusa kwa kiganja. Kiyoyozi hukausha hewa ya ndani na ukungu huo huondoka upesi. Na anayeleta vifaranga wa siku moja kutoka Kisumu ajua jinsi joto la mchana linavyoweza kuua sanduku zima kabla hajafika Kendu Bay.

Basi kikishindwa, wengi hufanya jambo moja tu: huenda kununua gesi. Mazungumzo yake ni haya.

"Jaduong', gesi imekwisha. Tutaongeza."

"Haya fundi, ongeza."

Baada ya miezi miwili au mitatu mzee huyo hurudi, na maneno ni yale yale. Kwa mwaka mmoja amelipa fedha ambazo zingenunua mbegu za msimu, na bado anatokwa na jasho. Swali ambalo hakuuliza ni hili: gesi hiyo imekwishia wapi? Gesi ya kiyoyozi si petroli. Haiungui wala hailiwi na injini. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ile ile iliyotiwa kiwandani yaweza kufanya kazi miaka mingi. Ni kweli kwamba kidogo sana hupenya kwenye mipira ya mabomba mwaka hata mwaka. Lakini ikiwa imekwisha kwa miezi michache, kuna mahali imevuja, na kuongeza nyingine bila kuziba ni sawa na kuteka maji kwa ndoo iliyotoboka.

Tena mara nyingi gesi haikupungua hata kidogo. Shida ilikuwa vumbi, au fyuzi ndogo, au mshipi uliolegea. Haya waweza kuyaona mwenyewe nyumbani, chini ya mwembe wako, bila kumlipa mtu. Ndiyo maana tunaandika somo hili.

JINSI KINAVYOFANYA KAZI

Kwanza elewa kwamba kiyoyozi hakitengenezi baridi. Huchukua joto lililomo ndani ya gari na kulitupa nje. Wewe mwenyewe umekwisha kuona mambo mawili yanayokifanya kiwezekane. La kwanza ni mtungi wa gesi ya kupikia. Ukipika kitu kikubwa kwa moto mkali, kama maharage ya matanga, mtungi huwa baridi na kutoa jasho ubavuni. Ndani yake mna majimaji. Yanapogeuka kuwa mvuke yanahitaji joto, nayo hulinyang'anya joto hilo chuma cha mtungi. La pili ni pampu ya baiskeli. Ukijaza tairi kwa haraka, pampu hupata moto upande wa chini, kwa sababu hewa inaposhindiliwa hupata joto.

Sasa tia mambo hayo mawili katika duara moja. Mbele ya injini kuna kompresa, inayozungushwa kwa mshipi. Huvuta mvuke wa gesi na kuushindilia mpaka uwe na presha kubwa na moto. Mvuke huo huenda kwenye kondensa, kitu kama rejeta nyembamba kilichosimama mbele kabisa, nyuma ya nyavu za pua ya gari. Upepo na feni huuondolea joto lake, nao hugeuka kuwa majimaji. Majimaji hayo hupita katika chupa ndogo ya kukausha unyevu, kisha hulazimishwa kupenya tundu jembamba la vali. Upande wa pili wa tundu hilo presha ni ndogo, na hapo majimaji huchemka ghafula. Hilo hutokea ndani ya evapureta iliyojificha nyuma ya dashibodi. Feni ya ndani huipulizia hewa, hewa hupoteza joto na unyevu wake, nawe huona raha. Mvuke hurudi kwenye kompresa, na safari huanza upya.

Gesi inayotumika katika motakaa nyingi zetu huitwa R-134a. Huchemka kwa digrii 26 chini ya sifuri, ambayo ni baridi kuliko friza ya kuhifadhia samaki. Kumbuka namba hiyo, maana tutairudia tutakapotaja macho yako.

ANZA NA UPEPO

Chagua asubuhi, gari likiwa kivulini na injini baridi. Weka breki ya mkono, tia jiwe nyuma ya gurudumu, na hakikisha gia haikuingia. Usifanye kazi hii ndani ya ghala lililofungwa injini ikiwaka. Moshi wa injini una sumu isiyonusa wala kuonekana, nao huua. Kwa sababu hiyo hiyo, mtoto asiachwe alale ndani ya gari linalowaka ndani ya banda, hata kama kiyoyozi kinampoza vizuri.

Washa feni ya ndani mpaka mwisho. Ikiwa upepo hautoki kabisa, tazama fyuzi ya feni hiyo kabla ya jambo lingine. Ikiwa sauti ni kubwa lakini upepo ni hafifu, usifikiri habari ya gesi. Shida iko kwenye chujio la hewa. Katika motakaa nyingi za Kijapani, chujio hilo liko nyuma ya kisanduku cha kuwekea karatasi, mbele ya abiria wa kushoto. Kisanduku hutoka kwa kubana mbavu zake mbili, na nyuma yake kuna kifuniko cha plastiki. Vuta polepole na uangalie alama ya mshale, ili ulirudishe kwa upande ule ule.

Usishangae utakayoyaona. Magari yanayolala karibu na ghala la mahindi hupata wageni, na panya hupenda kujenga humo kwa manyoya ya magodoro na maganda ya karanga. Chujio la karatasi usilioshe kwa maji. Likung'ute nje, na kama limekuwa jeusi, nunua jipya. Ni kitu rahisi kulinganisha na vingine vyote tutakavyovitaja. Kwa barabara zetu za vumbi yafaa kulitazama kila baada ya miezi mitatu.

Kama zulia la upande wa abiria limelowa ingawa mvua haikunyesha, napo si gesi. Evapureta hutoa maji kama mtungi ule wa gesi, na maji hayo hutoka chini ya gari kwa mpira mdogo. Matone chini ya gari lililosimama ni dalili ya afya. Yakikosa njia hurudi ndani. Tafuta mdomo wa mpira huo chini, karibu na ukuta wa injini, uzibue kwa waya laini wa plastiki, usiingize mbali.

UPEPO NI MWINGI LAKINI NI WA MOTO

Washa injini na kiyoyozi, kisha umwombe mwenzako abonyeze kitufe cha AC huku wewe umesimama mbele, boneti ikiwa wazi. Usiwe na kanzu, leso, wala mkono wa shati unaoning'inia, kwa kuwa mishipi na feni havina huruma. Katika magari mengi utasikia mlio mdogo, "tak", na utaona uso wa mbele wa kompresa ukianza kuzunguka pamoja na puli yake. Huo ni krachi wa kompresa. (Magari mengine mapya hayana krachi wa namna hiyo, kwa hiyo usiyahukumu kwa mlio.)

Ikiwa hakuna mlio, zima na utazame fyuzi na rilei. Mchoro wake huwa nyuma ya kifuniko cha kisanduku cha fyuzi. Rilei waweza kuijaribu kwa kubadilishana na nyingine ya namba ile ile, kama ya honi. Fyuzi iliyoungua ibadilishe kwa nyingine ya namba hiyo hiyo, si kubwa zaidi, wala si uzi wa waya wa shaba. Gari huungua kwa njia hiyo. Ikiungua tena mara moja, mpelekee fundi wa umeme. Tazama mshipi pia: ukiwa umepasuka, umeng'aa kama kioo, au unapiga kelele kompresa inapoingia, huo ndio ugonjwa.

Ikiwa krachi huingia na kutoka, huingia na kutoka, kila baada ya sekunde chache, hapo ndipo gesi yaweza kuwa imepungua. Kuna swichi inayosimamisha kompresa gesi ikiwa kidogo. Mafundi wengine huiruka swichi hiyo kwa kipande cha waya ili kompresa izunguke kwa nguvu. Usikubali kamwe. Mafuta yanayolainisha kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikikosekana, mafuta hayarudi, na kompresa hujisaga yenyewe. Vumbi la chuma huenea katika mabomba yote, na hapo hutanunua kitu kimoja bali vinne.

Sasa kondensa. Katika nchi yetu hii ndiyo hukosa mara nyingi, na ndiyo rahisi kuponya. Anayeendesha jioni kati ya Mbita na Homa Bay awajua wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi. Huingia mbele ya gari kwa maelfu, hukwama katikati ya mapezi membamba ya kondensa, kisha vumbi huja juu yao na kuwa tope gumu. Upepo haupiti tena. Kiyoyozi hupoza kidogo gari linapokwenda kasi, lakini likisimama sokoni hutoa hewa ya moto. Ukiona dalili hiyo, tazama pia kama feni ya mbele inazunguka AC ikiwashwa. Isipozunguka, gari litakuwa moto likisimama hata kama kondensa ni safi.

Kuosha ni hivi. Injini iwe imepoa kabisa. Tumia maji ya mpira wa bustani au kopo la kumwagilia, pamoja na sabuni laini. Ukiweza, mwaga kutoka upande wa injini kuja mbele, ili uchafu urudi ulikotoka. Sugua kwa brashi laini ya nywele, kutoka juu kwenda chini, ukifuata mapezi. Usitumie mashine ya maji ya presha ya kuoshea magari kwa karibu, maana mapezi ni laini kama karatasi, na yakilala upepo haupiti tena. Yaliyokwisha kulala yainue moja moja kwa kisu butu au kijiti cha mwanzi. Kazi hii huchukua muda wa kukamua ng'ombe wawili, na tumeona gari lililokuwa limekwisha kuhukumiwa "kompresa mpya" likipona kwa ndoo tatu za maji.

KUTAFUTA MAHALI PANAPOVUJA

Yote hayo yakiwa mazima, na hewa bado ni moto, yawezekana sana kwamba gesi imepungua. Hata hapo unayo kazi kabla ya kwenda gereji. Gesi inapovuja hutoka pamoja na mafuta kidogo. Mafuta hushika vumbi. Basi pitia kila kiungo cha mabomba ya aluminiamu ukitafuta doa jeusi lenye ulowevu. Tazama uso wa kondensa, hasa chini, ambako mawe ya barabara hupiga. Tazama penye mshipi wa kompresa. Motakaa nyingi huletwa kutoka Japani zikiwa zimetumika karibu miaka 7, kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu zilizopita miaka 8. Kwa hiyo pete za mpira zilizomo kwenye viungo zilikuwa zimekwisha kuzeeka siku zilipofika Mombasa. Pete moja ni kitu kidogo sana, lakini ndiyo mara nyingi iliyokuwa ikila fedha za jaduong' wetu.

Kisha changanya sabuni na maji mpaka yawe mazito. Endesha kiyoyozi kidogo, zima injini, ungoje feni zisimame, halafu pakaza povu kwenye viungo kwa brashi, kama afanyavyo fundi wa baiskeli. Mapovu yakikua, umepata. Usisahau vali mbili za kujazia, ambazo zina vifuniko vya plastiki. Fungua kifuniko tu, utie tone la sabuni katikati. Vali hizo zinafanana na za tairi, na mara nyingi huvuja polepole kifuniko kinapopotea. Povu halioneshi tundu dogo sana, wala tundu lililo ndani ya evapureta. Kwa hayo fundi hutumia rangi maalum na taa yake, au naitrojeni ya presha.

Hapo ndipo mpaka wako ulipo. Usilegeze kiungo chochote cha mabomba hayo. Hata gari likiwa limezimwa, katika siku ya digrii 25 au 30, ndani mna presha ya paundi 80 hadi 100 kwa kila inchi ya mraba, zaidi ya mara mbili ya tairi lako. Majimaji yakiruka machoni hugandisha jicho kwa dakika moja, kwa ile baridi ya digrii 26 chini ya sifuri tuliyoitaja. Yakimpata mtu, asisugue. Aoshwe kwa maji safi ya vuguvugu mengi na apelekwe hospitali mara moja. Usichomelee wala kuwasha moto karibu na mahali inapovuja, kwa kuwa gesi ikipita katika moto hugeuka kuwa asidi kali ya kudhuru mapafu. Mkebe wa gesi usiutie katika maji ya moto wala juu ya jiko ili utoke upesi.

MWULIZE FUNDI MAMBO HAYA

Ukifika kwa fundi, iwe Migori mjini au Oyugis, usiulize bei kwanza. Uliza kama ana pampu ya kunyonya hewa, na kama ana mizani. Asiye na viwili hivyo ni mwuza gesi tu.

Pampu yahitajika kwa sababu bomba likifunguliwa, hewa yenye unyevu huingia. Unyevu huo huganda kuwa barafu kwenye tundu la vali, na ukichanganyika na mafuta huzaa asidi inayokula chuma. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, na hapa maji huchemka kwa karibu digrii 96 badala ya 100, kwa kuwa hewa ni nyepesi kidogo. Pampu huendelea na jambo hilo hilo mpaka mwisho: huondoa hewa karibu yote, na maji huchemka kwa joto la kawaida la mchana, yakatoka kama mvuke. Kazi hiyo yataka nusu saa au zaidi, si dakika 5. Kisha fundi afunge vali na angoje. Mshale ukipanda, bado pana tundu, na hakuna haja ya kutia gesi.

Mizani yahitajika kwa sababu saa ya presha haioneshi kiasi cha gesi gari likiwa limezimwa. Fikiri tena juu ya mtungi wa jikoni. Uwe umejaa au umebaki robo, moto wake ni ule ule, mpaka tone la mwisho. Namna ya kujua kilichobaki ni kuupima uzito. Kiyoyozi ni vivyo hivyo. Chini ya boneti kuna karatasi iliyobandikwa, na hata ikiwa imeandikwa Kijapani, jina la gesi na idadi ya gramu husomeka: HFC-134a, na mathalan gramu 450. Magari madogo mengi huchukua chini ya nusu kilo. Fundi anyonye, apime, atie kiasi hicho, basi. Wengine hufikiri kwamba gesi ikizidi baridi huzidi. Sivyo. Ikizidi, kondensa hukosa nafasi ya kufanya kazi, presha hupanda, na hewa huwa moto tena.

Na pia uliza ni gesi gani. Wako wanaotia gesi ya kupikia kwa kuwa ni rahisi. Hatutakudanganya kwamba haipozi. Hupoza, na gesi za jamii hiyo hutumika katika friji nyingi mpya za nyumbani. Lakini friji ina gramu chache, haigongwi na lori, wala watu hawakai ndani yake. Ndani ya motakaa, evapureta ikivuja, gesi hiyo hujaa ulipokaa na watoto wako, na cheche moja yatosha. Fundi atakayefuata naye hatajua kilichomo.

Jihadhari pia na mitungi ya bandia. Mwaka wa 2011 kontena za baridi za melini zililipuka Vietnam na Brazil, mafundi wakauawa, na uchunguzi ulielekeza kwenye gesi iliyochanganywa na kemikali inayoshambulia aluminiamu. Kiyoyozi chako kina aluminiamu tele. Nunua kwa mwenye duka unayemjua, na udai risiti.

Kama bado mna gesi ndani, fundi mwema huikusanya kwa mashine yake wala haiachi ipeperuke. Gesi ya zamani, R-12, iliharibu tabaka la ozoni linalotukinga na jua kali. Mataifa yakapatana kuiondoa kwa Mkataba wa Montreal wa 1987, na Kenya iliweka kanuni zake juu ya vitu vya namna hiyo mwaka 2007. R-134a haiharibu ozoni. Lakini kilo moja yake hutia joto duniani kama kilo 1,430 hivi za hewa ya ukaa kwa muda wa miaka 100. Kwa hiyo mataifa yalikutana hapa kwa jirani zetu, Kigali, mwaka 2016, wakapatana kupunguza gesi za jamii hiyo. Mkulima anayengojea mvua za Machi hahitaji kuelezwa zaidi kwa nini jambo hilo linamhusu.

Magari mapya zaidi, hasa ya Ulaya, yana gesi nyingine iitwayo R-1234yf, ambayo yaweza kushika moto. Usikubali zichanganywe. Na ikiwa gari lako hutumia petroli na umeme wa betri kubwa pamoja, kama Aqua, usiguse kabisa waya za rangi ya chungwa. Kompresa yake huzungushwa kwa umeme mkali wa kuua, na hutaka mafuta yake maalum. Mafuta ya kompresa ya kawaida yakiingia humo hupitisha umeme na kuiharibu.

BAADA YA KUPONA

Endesha kiyoyozi dakika 10 kila juma, hata wakati wa mvua na baridi. Mafuta yakizunguka, mpira ulio shingoni mwa kompresa hubaki laini. Ukiacha miezi minne bila kuwasha, mpira hukauka, na gesi hupata njia.

Kisha chukua kipimajoto, kile unachotumia kwa nyumba ya vifaranga kikiwa kinaonesha mpaka sifuri. Funga milango, washa kiyoyozi mpaka mwisho, hewa ya ndani izunguke, feni katikati, na ungoje dakika 10. Tia kipimajoto katika tundu la katikati la dashibodi. Kiyoyozi kizima hutoa hewa ya digrii 5 hadi 10, na mchana wa joto kali yaweza kufika 12. Ikizidi 15, kuna kasoro. Andika namba hiyo na tarehe katika daftari lako la gari siku unayotoka kwa fundi, na upime tena kila mwezi wakati ule ule wa siku. Namba ikipanda polepole mwezi hata mwezi, fungua boneti, chukua sabuni na brashi, na uanze tena kwenye vifuniko vile viwili vya plastiki.